Disko la Ghalani na Usingizi wa Bi Mwanaidi

Sifa na shukrani zimrudie Mungu Mwenyezi, ambaye kabla nuru haijakuwepo sauti yake ilikuwepo ikiiita. Namshukuru kwa masikio aliyonipa, ambayo mpaka leo yanafanya kazi kuliko magoti yangu. Namshukuru kwa watu wa lugha nyingi aliowapitisha mbele ya kibanda changu. Na kwa jinsi alivyonivumilia, namshukuru zaidi.

Vijana wangu, ninyi mnaokaa nyuma ya mitambo kanisani, na ninyi wengine mnaopiga muziki kwenye harusi na kumbini, mmenisumbua muda mrefu niandike. Mnasema mmesikia kwamba Mzee Nzowa, huyu anayesoma somo Jumapili kwa miwani iliyofungwa uzi, ndiye aliyekuwa fundi wa lile disko la ghalani Tunduma. Wengine mnauliza mkicheka, wengine mmekunja uso. Ndiyo, ni mimi. Kaeni vizuri tuzungumze.

Kazi yangu ilikuwa ufundi redio. Kibanda changu kilikuwa kando ya barabara, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Dereva aliyekaa kwenye foleni siku nyingi huwa na shida mbili, mgongo na redio, na mimi nilitibu moja. Mizigo ilikuwa imeanza kupita kwa wingi, mipaka imelegezwa, na kila lori lililotoka kusini lilikuja na kitu ambacho hatujawahi kukiona. Sijui Dar es Salaam muziki wa mashine ulifikaje. Kwetu ulikuja kwa lori.

Siku moja dereva mmoja aliniletea redio kaseti inayotafuna kanda. Nikabadilisha mpira wa kuzungusha, nikaweka kanda yake nijaribu. Ikaanza ngoma: du, du, du, du, haipandi wala haishuki. Nikasubiri mwimbaji. Kikaingia kinanda. Nikasubiri mwimbaji. Upande wa kwanza ukaisha, nikageuza, nikasubiri tena. Mwisho nikamwambia yule dereva kwa huruma, "Kaka, pole. Kanda yako imefutika mwimbaji."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Fundi, hakuna mwimbaji humo! Huu muziki unaimbwa na miguu."

Wakati huo huo kichwa kikachungulia dirishani. Alikuwa Chanda, muuza kanda wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mtu aliyevuka kila asubuhi na begi lake begani na Kiswahili chake kilichopakwa Kibemba. "Mulishani mukwai," akatusalimia, kisha bila kusubiri jibu akasema, "Ba Nzowa, hiyo kanda usimrudishie mwenyewe kabla sijairekodi. Nakuomba kama ndugu yangu."

Hivyo ndivyo tulivyoanza, mimi na yeye. Yeye alikuwa na masikio ya kuchagua, mimi nilikuwa na mikono ya kutengeneza. Ninyi leo mna kompyuta inayounganisha nyimbo mbili yenyewe huku nyie mkinywa soda. Sisi tulikuwa na deki mbili za kaseti, na hakuna deki mbili duniani zinazokwenda mwendo mmoja. Basi niwape siri. Nyuma ya mota ya deki pana tundu dogo, na ndani yake kuna skrubu. Ukiingiza bisibisi nyembamba ukaigusa kidogo tu, mota inaongeza mwendo au inapunguza. Nilitoboa mfuniko wa deki zote mbili, nikachonga vishikio vya mbao, Chanda akawa anazungusha huku amefumba macho mpaka ngoma mbili zinakanyaga pamoja. Watu walidhani ni uchawi wa Kibemba. Ilikuwa bisibisi.

Ila mambo hayo yana hatari yake. Jumamosi moja tulitumia deki, na Jumapili asubuhi kanisa likaniomba hiyo hiyo kwa ajili ya kanda ya kwaya iliyokuwa isikilizwe na wageni. Sikukumbuka kurudisha skrubu. Kwaya yetu, yenye sauti za nne, zile za besi, nzito kama ng'ombe wa kulimia, ikaimba kama vifaranga. Wageni wakatazamana. Kiongozi wa kwaya, aliyekuwa mtu mnene na wa heshima, akanigeukia akaninong'oneza, "Nzowa, hao wanaoimba ni sisi kweli, au ni watoto wetu?" Tangu siku ile nikawa nafunga kitambaa chekundu kwenye kila kifaa nilichokigusa. Fanyeni hivyo na ninyi.

Mnaniuliza, mzee wa kanisa alifuata nini kwenye disko? Swali zuri. Mimi nililelewa karibu na Mbozi Mission, na aliyenifundisha sauti hakuwa fundi wa umeme bali Mzee Hezroni, mpiga tarumbeta. Kabla hatujapuliza noti hata moja mahali pageni, alitusimamisha, akapiga makofi mara moja, akasikiliza. Makofi yakirudi makali, alisema, "Jengo hili lina njaa ya watu, pulizeni taratibu." Makofi yakizama, alisema, "Hili limeshiba." Alfajiri ya Pasaka tulipopuliza makaburini kama ilivyo desturi ya kanisa letu, ukungu umelala juu ya migomba na kahawa, alitupanga upya kabisa, kwa sababu ukungu unakula sauti. Mtu wa namna hiyo akikufundisha, huwezi tena kusikia muziki wowote ukaudharau. Unaanza kujiuliza umetengenezwaje, na unamfaa nani.

Na huu ulikuwa unawafaa watu. Tunduma ya wakati ule ilijaa walio mbali na kwao: wapagazi, madereva, mama ntilie, wabadilisha fedha, wasichana waliotoka Isongole na Mbebe kuja kuuza maharage wakakwama mjini. Mtu alishinda siku nzima anapigiwa honi na kufokewa kwa lugha tatu. Usiku palikuwa na baa tu. Tusajigwe, tuliyemwita Tusa, dada aliyekaanga chipsi karibu na geti la mpaka, aliniambia jambo ambalo lilinifanya niache kujiuliza. Alisema, "Fundi, mimi napenda kucheza. Lakini nikiingia baa, kabla sijakaa mtu ameshaniwekea bia na anataka jibu. Nitafutie mahali ambapo naweza kucheza nikarudi nyumbani nikiwa mimi."

Mahali hapo tulipapata kwa Mzee Mrisho. Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi kutoka Kondoa, Mwislamu wa sala tano, mwenye ghala kubwa la mabati lililoungana na nyumba yake. Nilikuwa nimemtengenezea redio zake zote. Nilipomweleza, alizungusha tasbihi yake akaanza kuniuliza.

"Pombe?"

"Hakuna, mzee."

"Sigara?"

"Hakuna. Na mahindi yako yamo ndani, nani atawasha moto?"

"Ijumaa?"

"Ijumaa hatupigi. Jumamosi tu. Na adhana ya alfajiri ikianza, tunazima."

"Na ninyi Wakristo mtakwenda kanisani mkiwa macho mekundu?"

"Hilo ni letu na Mungu wetu, mzee."

Akacheka, akakubali. Mtendaji wa kata naye tulimwendea kwa adabu. Alisema hataki kujua habari zetu, lakini siku atakapoletewa lalamiko moja, moja tu, atajua kila kitu. Kwa hiyo hatukuweka bango, hatukupita na kipaza sauti barabarani. Mtu alimuuliza mwenzake sokoni, "Leo kuna gunia?" na mwenzake akaitikia kwa kichwa. Jina lilitokana na magunia ya mahindi yaliyopangwa mpaka juu kuzunguka kuta zote, katikati uwanja wa kuchezea. Tusa aliuza chai ya tangawizi na chipsi. Wazambia walikuja na saa zao zilizo nyuma yetu kwa saa moja, na hilo lilitutesa. Nikitangaza muda umebaki mdogo, nusu ya ukumbi inapiga kelele, "Awe, batata! Hapana, wazee! Kwetu bado mapema!" na Watanzania nao ghafla wanahamia Zambia.

Niwaambie jinsi sauti ilivyokuwa mle ndani. Ilikuwa nzito na laini, besi inakukumbatia kifuani, lakini ukitoka nje hatua chache husikii zaidi ya mtu anayegonga godoro. Nilijisifu sana. Nilidhani ni masanduku yangu ya spika, niliyoyachonga kwa mbao za paini nikayajaza sufi ndani. Chanda alidhani ni kanda zake. Hakuna kati yetu aliyefikiri juu ya mahindi.

Halafu bei ikapanda. Wanunuzi wakaja kutoka ng'ambo na malori, na katika wiki moja Mzee Mrisho akauza ghala zima. Jumamosi tulipofungua mlango tulifurahi kama wapumbavu. Nafasi! Watu wangeweza kucheza mpaka ukutani! Tukafagia, tukaunganisha nyaya, Chanda akaanza.

Vijana, mmewahi kuweka mawe kwenye debe mkalitikisa? Ghala tupu la mabati ndivyo lilivyolia. Kila du ilikwenda ukutani ikarudi na wenzake watatu. Mabati ya paa yakaanza kuimba yenyewe. Mbwa wa Nakonde, nchi nyingine kabisa, wakajibu. Mimi, mwanafunzi wa Mzee Hezroni, nilikuwa nimeingia kwenye jengo lenye njaa bila kupiga hata kofi moja. Tulipunguza, ikawa bado. Tukazima.

Asubuhi nikitoka ibadani nilimkuta Mzee Mrisho amekaa kwenye ngazi ya kibanda changu.

"Fundi, unajua nimemleta mama yangu?"

Sikujua. Bi Mwanaidi, mama yake mzazi, alikuwa ameletwa kutoka Kondoa kwa sababu ya miguu iliyovimba na maumivu yaliyomnyima usingizi. Chumba chake kilikuwa ule upande unaogusana na ghala. Kila usiku alilala kwa vipande vipande, na usiku ule hakulala kabisa.

"Nakupenda wewe," Mzee Mrisho alisema. "Nawapenda hata hao wanaorukaruka. Lakini mama ni mmoja. Mama yangu akikesha tena kwa ajili ya muziki wenu, ghala linabaki la mahindi. Sitakwenda kwa mtendaji, sitagombana na mtu. Nitafunga tu."

Nilimwomba jambo moja, ruhusa ya kwenda kumwomba radhi. Nilikwenda na mke wangu, Mama Tumaini, amebeba mkungu wa ndizi na maziwa ya mgando. Tulimkuta Bi Mwanaidi ameegemea mito, mdogo wa mwili, macho yake yanatembea kuliko miguu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetwanga usiku?"

"Ndiyo, Bibi. Tusamehe."

"Nakusamehe, lakini kwanza niambie. Mnatwanga nini kisicholainika? Mimi nimetwanga mtama tangu utotoni. Unatwanga, unapepeta, unaacha. Ninyi mnatwanga tangu isha mpaka alfajiri, na asubuhi sioni unga!"

Mama Tumaini alicheka mpaka akafunika uso kwa khanga. Mimi nilitafuta pa kutazama. Bibi akaendelea, "Sikatazi watu kucheza. Harusi yangu ilichezewa wiki nzima, na mama mkwe wangu aliumwa kichwa wiki nzima, na sikumwonea huruma. Sasa yamenifika. Ila mwanangu, hata kabla ya jana, wakati mahindi yapo, mlikuwa mnanifikia."

"Haiwezekani, Bibi. Nje hapasikiki kitu."

"Je, mimi nalala nje?"

Lilikuwa swali la haki. Nikamwomba ruhusa, na mwanawe akaridhia, Chanda akawasha muziki ghalani kwa sauti ya kawaida, mimi nikaketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha yule mama. Miaka yote nilikuwa nimesikiliza muziki ule kutoka mbele ya spika, kutoka mlangoni, kutoka barabarani. Sikuwahi hata mara moja kuusikiliza kutoka kwenye kitanda cha mtu asiyeutaka. Hewani, kweli, ulisikika kwa mbali. Lakini Bi Mwanaidi akaniambia, "Shika hapa," akanionyesha tendegu la kitanda chake. Lilikuwa linapiga kama mshipa wa shingo. Kijiko ndani ya kikombe chake cha dawa kilikuwa kinalialia chenyewe.

Nikaelewa. Nyumba na ghala vilimwagiwa sakafu moja ya zege. Masanduku yangu mazito yalikaa chini moja kwa moja, na besi ilipita ardhini, ikapanda kwenye miguu ya kitanda mpaka kwenye miguu ya mama mgonjwa. Andikeni hili mahali, ninyi mnaobishana kuhusu ukubwa wa spika: sauti ina njia mbili, ya juu na ya chini, na ya chini haigongi mlango.

Tukarudi kwa Mzee Mrisho kumwomba Jumamosi moja. Alikubali kwa masharti yake. Angekaa usiku mzima kwenye mlango wa chumba cha mama yake. Swichi kubwa ya umeme wa ghala ilikuwa kwenye ukumbi wa nyumba yake, karibu na kiti chake. Mama akiamka kwa sababu yetu, angeshusha swichi, na giza lingekuwa ndiyo jibu. Hapangekuwa na mjadala. Chanda alijaribu kuomba nafasi ya pili ikitokea bahati mbaya. "Awe," Mzee Mrisho akamjibu kwa Kibemba chake mwenyewe, na tukajua hatanii.

Wiki ile sikutengeneza redio ya mtu. Nilipanda kwetu Mbozi, kwenye mashine za kukoboa kahawa, ambako maganda makavu hutupwa vilima vilima. Mahindi yangetugharimu na tusingeyapata, lakini maganda ya kahawa watu wanakushukuru ukiyaondoa. Dereva mmoja rafiki alitupakilia magunia mpaka lori likaonekana limebeba nyumba. Tukayapanga kuta zote, na mengine tukayasukumia kwenye ule uwazi kati ya ukuta na paa. Vumbi lake! Chanda alipiga chafya siku tatu, akawa anasalimia watu kwa chafya. Nilipomaliza nilisimama katikati, nikapiga kofi. Lilizama kama jiwe kwenye matope. Ile harufu ya kahawa ilikaa kwenye nguo za wachezaji miezi mingi, ikawa ndiyo tiketi yao. Mkikutana sokoni mnanusana.

Kwa njia ya chini nilitumia kitu ambacho Tunduma haijawahi kukosa, matairi mabovu ya malori. Nililaza matairi sakafuni, juu yake mbao nene, juu ya mbao masanduku, nikayageuza yaupe mgongo ukuta wa nyumba. Kisha nikaenda kushika tendegu. Bado lilipiga, kidogo. Nilirudi ghalani nimeinamisha kichwa, nikamkuta Tusa amekaa juu ya gunia anatazama wapagazi waliokuwa wakijaribu mitindo.

"Fundi," akasema, "mbona unasumbuka na spika tu? Hao mabuti yao huyasikii?"

Niligeuka nikatazama chini. Nikawaza Jumamosi: mabuti ya wapagazi, viatu vya visigino vya kina dada, watu mia wakikanyaga zege kwa pamoja kwenye kila du. Sisi mafundi huwa tunasahau kwamba watu nao ni chombo cha muziki.

Jumamosi ikafika. Mlangoni Tusa alisimama na sufuria ya chai mkononi kama askari. "Viatu hapa. Hata wewe. Soksi zina matundu? Hakuna anayekuangalia, pita." Chanda alisimama mbele, akasema bila kipaza sauti, "Ndugu zangu, nyuma ya ukuta ule kuna bamayo, mama yetu, amelala. Ni mgonjwa. Akiamka, hapa panafungwa, na hatutakuwa na pengine. Leo hakuna filimbi, hakuna kupiga kelele, hakuna kuruka. Tucheze kama tunabeba mayai." Kisha akafumba macho, akashika vile vishikio vya bisibisi, akaanza.

Nimehudhuria mikesha mingi ya maombi, na sijaona watu waliokuwa makini kama wale. Walicheza pekupeku, wameinama kidogo, nyayo zinaburuzwa kama mtu anayetandaza kahawa kukauka. Mtu akisahau akanyanyua goti, jirani yake anamgusa bega. Na kila mara macho yalipanda kwenye balbu. Ikiwaka, tupo.

Usiku wa manane ikazimika.

Giza na ukimya vilishuka pamoja. Nilisikia mtu akilia taratibu karibu na mlango, nikajua ni Tusa. Chanda akanishika mkono gizani, "Ba Nzowa, imekwisha." Nikajisemea moyoni, Bwana, ulitoa na sasa umetwaa, jina lako lihimidiwe, lakini imeniuma. Nikapapasa mpaka mlangoni niende kuomba radhi kwa mara ya mwisho.

Nje palikuwa giza tupu. Nyumba ya Mzee Mrisho, giza. Barabara, giza. Geti la mpaka, giza. Umeme ulikuwa umekatika Tunduma yote.

Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka mitambo. Ninyi mnajua umeme ukirudi wakati amplifaya imewashwa na sauti iko juu, spika hupiga bomu. Pu! Kishindo hicho kingemwamsha hata aliyelazwa hospitali ya mbali kule Vwawa. Na umeme ungeweza kurudi wakati wowote. Niligeuka nikaingia gizani miongoni mwa watu, nikinong'ona, "Nipisheni, nipisheni," nikakanyaga vidole vya nusu ya Tunduma, na wote, Mungu awabariki, walimeza maumivu bila kusema "aa!" Nilipofika kwenye mitambo sikutafuta swichi. Nilishika nyaya za spika kwa mkono mzima nikazing'oa.

Balbu ikawaka nikiwa bado nimezishika.

Tulianza tena kutoka chini kabisa, polepole, Chanda akipandisha sauti kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Tukaenda hivyo mpaka adhana. Ilipoanza, tukazima kama tulivyoahidi, na watu wakabaki wamesimama, jasho linawatiririka, hakuna aliyechukua viatu. Walijua swichi haikushushwa, lakini huenda mama aliamka na mwanawe akatuhurumia tumalize. Tulimsubiri mwenye nyumba.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Mrisho alisimama pale na kanzu yake ya sala, akatazama ile safu ndefu ya viatu, ndara na mabuti na visigino. "Kama msikitini," akajisemea. Naye akavua makubazi yake, akaingia, akapita katikati ya watu mpaka kwangu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha.

"Nimekwenda kumwamsha kwa ajili ya sala," akasema kwa sauti ya chini. "Nimeshindwa kumgusa. Tangu nimlete hapa sijamwona akilala hivi. Anakoroma, Fundi. Nimemwacha dakika chache."

Nikamgeukia Chanda nikamwambia, "Amelala." Chanda akamgeukia aliyekuwa karibu, "Amelala." Neno likapita mdomo kwa sikio, kwa Kiswahili, kwa Kibemba, kwa Kinamwanga, mpaka likamfikia Tusa mlangoni. Na pale, vijana wangu, wapagazi na madereva na wauza maharage, watu ambao siku zote walikuwa wakipigiwa kelele, wakainua mikono yao yote juu, wakafungua vinywa kwa furaha, wakashangilia bila kutoa sauti hata kidogo. Chanda aliuma taulo alilojifutia jasho. Tusa alikuwa anazunguka peke yake pekupeku, machozi yanashuka, meno yote nje. Mzee Mrisho aliwatazama, akanyanyua naye mikono yake miwili, kimya, katikati yao.

Mungu akubariki wewe uliyesoma mpaka hapa. Akupe mikono yenye ufundi na masikio yenye huruma. Akupe furaha nyingi, na kando ya furaha yako akuwekee jirani anayelala vizuri. Amina.